Tuujue Mbungo Kabla ya Kuinua Panga

Ndugu zetu wanachama, wakati wa kusafisha mashamba umefika. Mapanga yananolewa, vibarua wanatafutwa, na kila mwenye mikarafuu ataka chini ya miti yake pawe peupe kabla ya kuanza kuchuma, ili karafuu zinazoanguka zionekane na mchumaji apate pa kusimamisha miguu. Kazi hiyo ni njema, na chama chetu hakikuacha kuihimiza. Lakini leo twaomba kusema neno moja kabla panga halijainuliwa, na twalisema kwa haya kidogo, kwa sababu kosa tunaloliandika hapa tulilitenda sisi wenyewe.

Msimu uliopita tuliwapa vibarua kazi ya kusafisha ukingo wa shamba letu, pale bondeni ambapo mikarafuu inakoma na kichaka kinaanza. Tukawaambia maneno matatu tu: fyekeni kila kitambaacho. Kisha tukaenda zetu mjini kwa haja zetu. Tuliporudi jioni tukawakuta wamefanya kama walivyoambiwa, wala hawakuacha hata ukoka. Chini ya mtondoo mkubwa palikuwa na shina la mbungo limekatwa, nene kama mkono wa mtu mzima, na maziwa yake meupe yakidondoka juu ya majani makavu. Juu kabisa, kati ya matawi ya mtondoo, matunda mabichi yalikuwa bado yananing'inia, hayana khabari kuwa yamekwisha kufa.

Bibi mmoja jirani alikuja kuangalia. Hakugomba. Alisema tu, "Mbungo huu mimi nimeukuta, wanangu, na mama yangu aliukuta." Baada ya wiki chache yale matunda yakasinyaa na kuanguka. Ulipofika wakati wake watoto wa mtaani wakaja na vikapu vyao, kama walivyokuwa wakija kila mwaka, wakasimama chini ya mtondoo wakitazama juu, kisha wakatutazama sisi. Hapana kibarua wa kulaumiwa katika jambo hili. Aliyetoa amri ndiye aliyekata.

Basi maoni yetu ni haya, nasi twataka yajadiliwe katika mkutano wa kila tawi: mwanachama asikate, wala asiamuru kukatwa, mmea utambaao asioujua kwa jina. Na wa kwanza kujuliwa uwe mbungo.

Tuanze na jina lenyewe, maana hata jina lina mtego. Mbungo ni mmea, bungo ni tunda, na yakiwa mengi ni mabungo. Mbung'o, kwa ng'o, ni yule nzi wa malale, ambaye katika kisiwa cha Unguja wa mwisho wake alinaswa mwaka 1996, baada ya wataalamu kuachilia kwa miaka madume waliofanywa tasa. Nzi ameondoka na hapana aliyemlilia. Tusije tukauondoa na mmea kwa kufanana jina. Wataalamu wa mimea huuita Saba comorensis, maana yake saba wa Komoro, kwa sababu jirani zetu wa visiwa vile wanao kama sisi. Nao hauko visiwani tu. Unaonekana katika misitu mingi ya Afrika, tangu pwani hadi bara ya mbali.

Sasa mtu ataujuaje? Vijana wengi siku hizi wanalijua bungo likiwa katika gilasi, lina sukari na barafu, lakini ukiwapeleka kichakani hawawezi kuonyesha lilipotoka. Kwa hiyo tutaeleza alama zake moja moja, kama tulivyofundishwa na wazee, na mwanachama azishike zote pamoja. Alama moja haitoshi.

Alama ya kwanza ni maziwa. Chuna jani au kwaruza ganda la tawi kwa ukucha, na utomvu mweupe mzito utatoka hapo hapo, unaonata vidoleni. Lakini tahadhari: mimea mingi ina maziwa, mingine mema na mingine mabaya, kwa hiyo maziwa yatakuambia tu kuwa uko karibu na nyumba, hayakuambii kuwa umefika mlangoni.

Alama ya pili ni majani. Majani ya mbungo hukaa mawili mawili, moja likitazamana na mwenziwe pande mbili za tawi. Ni makubwa, mapana, magumu kidogo kama ngozi, yanang'aa upande wa juu, wala hayana manyoya. Mshipa wa katikati ni mweupe-mweupe na mishipa ya pembeni yaonekana wazi. Mtu aliyezoea jani la mkarafuu hatakosea, kwani la mkarafuu ni jembamba zaidi, na ukilifikicha lanukia karafuu. La mbungo ukilifikicha latoa maziwa.

Alama ya tatu ni namna unavyopanda. Mbungo haujizungushi mti mzima kama kamba iliyosokotwa tu. Una vikono vyake vigumu vinavyojipinda kama ndoana, navyo hushika vitawi vya mti unaoubeba, ukapanda hatua kwa hatua mpaka kileleni kwenye jua. Shina la zamani ni gumu kama mti, rangi yake ya udongo, lina vidoadoa vidogo katika ganda lake. Mara nyingi utaliona limelala chini kwanza kama nyoka, kisha linainuka na kupotea juu, na ukitaka kujua linakokwenda yakupasa kurudi nyuma hatua kumi na kuinua kichwa.

Alama ya nne ni maua. Huchanua kwa vishada kwenye ncha za matawi, meupe, kooni yana rangi ya manjano, na kila ua lina vipande vitano vilivyopindana kidogo kama vinataka kuzunguka. Harufu yake ni kali na tamu, yakaribia yasmini. Mara nyingi pua hutangulia macho: mtu apitaye njia ya kichakani jioni huinusa kabla hajajua imetoka wapi.

Alama ya tano, na ndiyo kubwa, ni tunda. Bungo ni la mviringo, aghalabu kiasi cha chungwa. Likiwa bichi ni la kijani na ganda lake limejaa utomvu. Likiiva hugeuka manjano, na pengine likakaribia rangi ya chungwa. Ganda ni gumu na nene. Ndani zimo kokwa nyingi, kila moja imevikwa nyama laini ya rangi ya manjano yenye nyuzinyuzi, tamu na chachu kwa pamoja. Tunda ni moja moja na ni la duara. Shikeni sana neno hilo la duara, tutalirudia.

Mbungo una ndugu zake. Wa karibu ni mpira, ule wa msituni, ambao majani yake ni madogo kuliko ya mbungo, na tunda lake aghalabu ni dogo. Huo wataalamu waliupa jina la Landolphia kirkii. Yupo pia mtoria na vitoria vyake, ambavyo watoto huvijua sana kuliko wazee wao. Hawa wote ni wa ukoo mmoja, wote wana maziwa, na wote matunda yao ya mviringo huliwa.

Lakini katika ukoo huo huo yumo na ndugu mbaya. Huko bara upo mmea utambaao uitwao kombe, ambao mbegu zake zilitumika kutengenezea sumu ya mishale. Huyo Kirk ambaye jina lake limetiwa katika mpira wetu, John Kirk, alikuwa tabibu na mjuzi wa mimea. Kabla ya kufika Unguja mwaka 1866, na baadaye kuwa balozi wa Waingereza hapo, alisafiri na Livingstone katika mto Zambezi baina ya miaka 1858 na 1863. Huko, inasimuliwa, aliweka mswaki wake katika mfuko mmoja na sumu ya kombe. Alipousugulia meno aliuona mchungu, kisha akaona mapigo ya moyo wake yamepungua. Kwa ajili ya khabari ile madaktari wa Ulaya walikuja kuichunguza sumu hiyo na kuifanya dawa ya moyo. Jina la Kirk limo hata katika kima punju wa Jozani, na hilo neno punju lenyewe lataja sumu. Twayaeleza haya ili mwanachama aone kuwa mtu mmoja, katika ukoo mmoja wa mimea, alikutana na kinacholiwa na kinachoua.

Kanuni ya kuwapambanua ni nyepesi, na mtoto wa miaka sita aweza kuishika. Tunda la kombe si la duara. Ni maganda mawili marefu yaliyoachana kama pembe za ng'ombe, na ndani yake mbegu zina manyoya ya hariri ya kurukia upepo. Basi wafundisheni watoto maneno haya: duara huliwa, pembe mbili huachwa. Na hata la duara, asile mpaka ameonyeshwa na mkubwa mara ya kwanza.

Papo hapo waonyesheni na mturituri. Huo nao hutambaa katika vichaka na nyua, na mbegu zake nyekundu zenye jicho jeusi ni nzuri mno machoni. Watu huzitunga ushanga. Lakini mbegu moja ikitafunwa yaweza kumuua mtoto. Na upupu hauhitaji kuelezwa. Aliyewahi kuupitia hausahau. Hii ndiyo mimea ya kufyekwa karibu na nyumba na njia. Na mlangamia, ule uzi wa manjano usio na majani unaofyonza mmea mwingine, nao ung'olewe pasi na huruma. Hatusemi kila kitambaacho ni rafiki. Twasema rafiki asiuawe kwa kosa la adui.

Sasa tuje kwenye manufaa. Wazee wetu hawakuuacha mbungo kwa kupenda maua yake. Waliuacha kwa kuwa unawafaa.

La kwanza ni tunda. Bungo lililoiva hupasuliwa, likatiwa chumvi na pilipili kidogo, au sukari, na kufyonzwa kokwa moja moja. Maji yake ndiyo yenye sifa zaidi. Kokwa na nyama yake huloweshwa katika maji, zikapigwapigwa kwa mwiko mpaka nyama iachane na kokwa, kisha huchujwa na kutiwa sukari, na wengine hutia iliki. Rangi yake ni ya dhahabu na hakuna kiu inayostahimili mbele yake. Wanaotumia mashine ya umeme wajihadhari isisage kokwa, maana hapo utamu huharibika. Na tunda lisichumwe bichi, kwani utomvu wake hugandisha midomo na hulipati tamu uliyoitazamia. Siku hizi maji ya mabungo huuzwa mjini katika chupa na gilasi, na wageni wanaotembelea visiwa vyetu huyauliza kwa jina. Jambo hili si dogo, nasi tutalirudia.

La pili ni ulimbo. Utomvu wa mbungo na wa ndugu zake hunata sana, na vijana wa zamani waliupaka katika vijiti kunasia ndege. Leo hatuwahimizi wanachama kunasa ndege, ambao wengi wao wanatulia wadudu. Twautaja ulimbo kwa kuwa ni katika elimu ya mmea huu.

La tatu ni kamba na dawa. Vitawi virefu vya kichakani vilifunga mizigo ya kuni kabla ya kamba za dukani. Mizizi na majani yake yamo katika mikoba ya waganga wa miti shamba. Lakini gazeti hili halimpimii mtu dawa; mgonjwa na aende hospitali, na anayetaka elimu ya miti shamba aende kwa wenyewe, akaonyeshwe kwa mkono wala si kwa kusoma.

La nne ni mpira, na hapa ipo ibra kubwa. Kila mtoto anayeupiga mpira uwanjani analitamka jina la mmea wa msituni bila ya kujua. Mmea ni mpira, utomvu wake ni mpira, na donge lililofanywa kwa utomvu huo ni mpira. Pwani yetu watu walikuwa wakilikata ganda la mpira wa msituni, utomvu ukitoka hukaza upesi, nao wakauvuta nyuzi na kuuviringisha madonge. Katika miaka ya 1870 na 1880 biashara hiyo ilishika moto kutoka bara mpaka Unguja. Utomvu wa mbungo haukuwa mzuri kama wa mpira, lakini nao haukusalimika, kwani wako waliouchanganya ili kuongeza uzito wa donge. Tamaa ya mizani si jambo la leo.

Na nini kilifuata? Aliyekuwa akikwangua ganda kidogo na kuliacha lipone, akaona kuwa mwenziwe anayelikata shina zima anapata utomvu mwingi kwa siku moja. Basi wote wakakata. Huko Kongo, katika dola ya Leopold, mfalme wa Wabelgiji, baina ya miaka 1885 na 1908, watu walilazimishwa kwa bunduki na kwa mateso kuleta mpira wa mitambaazi kwa kipimo, na ilipokuwa karibu nao imekwisha walipelekwa mbali zaidi msituni, na wengi mno wakafa. Tangu mwaka 1876 mbegu za mti wa mpira wa Brazili zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa hadi Uingereza, na kutoka huko miche ikapelekwa Asia. Mashamba yale yalipokua, dunia haikuutaka tena mpira wa mitambaazi. Mali ya haraka ilikwisha na misitu ikabaki na visiki. Hatusemi kuwa kukata mbungo mmoja bondeni ni sawa na dhuluma ile, hasha. Lakini tabia ya kukata shina kwa faida ya siku moja tunaiona mpaka leo. Wapo watu, na si watoto, wanaoukata mbungo chini ili waangushe matunda ya juu. Amechuma kikapu kimoja, na amekula vikapu vya wajukuu wake. Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao.

Tena mbungo si wetu peke yetu. Tumbili wa kisiwani humu hulijua bungo kuliko sisi. Huko Gombe, kando ya ziwa Tanganyika, ambako sokwe wametazamwa tangu mwaka 1960, tunda hili hili ni katika vyakula vyao vikubwa, na huitwa kwa jina hili hili. Mnyama hula nyama ya tunda, kokwa akazitoa mahali pengine, na hapo mbungo mpya huota. Katika msitu wa Ngezi, huko Konde, mwanachama aweza kuona jinsi miti mikubwa na mitambaazi inavyokaa pamoja, kila mmoja akiwa na kazi yake. Ngezi ni mabaki ya msitu ulioenea zamani katika sehemu kubwa ya kisiwa chetu, kabla haujakatwa ili mikarafuu ipandwe. Tuseme kweli: mikarafuu yetu imekaa mahali pa mibungo. Haba iliyobaki kwenye mabonde na mipaka ndiyo deni tunalodaiwa.

Twajua wako watakaotupinga, na hoja zao si za kudharauliwa.

Wa kwanza atasema, "Mbungo huua mkarafuu." Kweli, mmea wowote utambaao ukipanda kileleni mwa mkarafuu huuzibia jua, na mkarafuu huzaa kwenye ncha za vitawi, panapopata mwanga. Tena mitambaazi iliyosongamana humkwaza mchumaji, na kila mmoja wetu amezika au amemuuguza mtu aliyeanguka mkarafuuni. Kwa hiyo hatuna mabishano: mbungo juu ya mkarafuu ukatwe, tena ukatwe ungali mchanga. Tunaloomba ni kuacha ule ulio bondeni, mpakani, na juu ya mti wa mwitu, usiofika kwenye mikarafuu wala kuidhuru.

Wa pili atasema, "Mabungo hayana mizani kama karafuu." Ni kweli, hapana kituo cha kununulia mabungo, wala bei yake haitangazwi. Lakini karafuu ina tabia yake, nasi sote twaijua: mwaka huu huzaa mpaka majamvi hayatoshi, na mwaka ujao hupumzika, na mwenye shamba hubaki akitazama majani. Katika miaka hiyo ya kupumzika, nani amenunua madaftari ya watoto? Mara nyingi ni mama wa nyumbani aliyekwenda mjini na kikapu cha mabungo. Yeye hana jina katika daftari la chama, lakini fedha yake imo katika nyumba ya mwanachama. Tukilikata shina, tumemkata yeye. Na sasa maji ya mabungo yanaulizwa mjini kuliko zamani. Je, tuyakose wakati ndipo yanapotafutwa? Usiache mbachao kwa msala upitao.

Wa tatu atasema, "Watoto huingia shambani kwa ajili ya mabungo, wakavunja vitawi vya mikarafuu." Hoja hii ndiyo nzito, nasi tumewahi kuumwa nayo. Lakini dawa yake si kuukata mbungo; dawa yake ni adabu ya zamani. Zamani mtoto alipiga hodi kwa mwenye shamba, akaambiwa siku na njia ya kupita, na akatoka na kikapu chake akaacha mabungo mawili matatu mlangoni kwa heshima. Mtoto aliyekaribishwa hulinda. Mtoto aliyefukuzwa hurudi usiku.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne, na hayamgharimu mtu fedha.

Kwanza, kabla ya vibarua kuingia, mwenye shamba aupitie ukingo wake pamoja na mzee anayeijua mimea, na kila mbungo wa kuachwa ufungwe kitambaa chekundu. Kibarua aambiwe: penye kitambaa panga lisifike. Sisi tungetumia kitambaa kimoja mwaka jana, mtondoo wetu ungekuwa bado umebeba mabungo.

Pili, matunda yachumwe kwa upembo, au yaokotwe yakianguka, wala shina lisikatwe kwa ajili ya tunda. Na anayeonekana kulikata, hata akiwa mwanachama, aitwe katika tawi lake aulizwe.

Tatu, palipokatwa papandwe. Kokwa za bungo lililoiva zioshwe nyama na kuatikwa mbichi, zisiachwe zikakauka, na mche uwekwe chini ya mti wa mwitu ulio imara, mbali na mikarafuu. Mbungo hutaka mti wa kuubeba. Anayeukata mti mkubwa wa mpakani kwa kuni au makaa ameukata na mbungo uliokuwa juu yake, ingawa hakuugusa. Na mwenye kupanda asiwe na pupa, kwani huu si muhogo. Sisi tumekwisha kuatika kokwa zetu chini ya mtondoo ule ule, nazo zimeota, na urefu wake leo haujafika goti. Huenda tutakaokula matunda yake si sisi.

Nne, watoto wafundishwe. Kila mwanachama achague siku moja awachukue wanawe na wajukuu wake kichakani, awaonyeshe mbungo, mpira na mtoria, na awaonyeshe mturituri na upupu. Elimu hii haikuandikwa katika madaftari ya shule, nao walionayo wanapungua kila mwaka. Yule bibi jirani yetu ni mmoja wao. Tulimwomba atupitishe bondeni, na katika asubuhi moja alitutajia mimea itambaayo ambayo tumeikanyaga maisha yetu yote bila ya kuijua. Tulipomshukuru alicheka, akasema, "Mlikuwa mnakata msichokijua, na mimi nilikuwa nanyamaza. Tumekosa sote."

Ndugu wanachama, mkarafuu ni mgeni aliyeletwa kisiwani, tukampenda, tukampa ardhi bora, naye akatulipa kwa karne mbili. Hatumsemi vibaya, ndiye aliyetusomesha na kutujengea nyumba. Lakini mbungo ni mwenyeji. Hajaomba mbolea wala kupaliliwa wala mkopo. Ameomba mti wa kuegemea na panga lipite mbali kidogo. Mwenye shamba anayeweza kumkaribisha mgeni kwa miaka yote hii hawezi kushindwa kumwachia mwenyeji pembe moja ya bonde.

Basi panga likisha kunolewa, tulia kidogo. Rudi nyuma hatua kumi, inua kichwa, uangalie shina linakwenda wapi na limebeba nini. Ukiisha kulijua jina lake, ndipo uamue.